Sura ya Saba: Kiungo cha Kwanza ni Moshi

Mijini kuna maneno yanayorudiwa sana kwamba chakula cha bara hakina ladha. Anayeyasema huwa ana Pwani kichwani: pilau iliyokolea bizari, samaki wa kupaka, mchuzi wa nazi uliotiwa ndimu mwishoni. Anakipima chungu cha Hanang kwa mizani ya Unguja, na kwa mizani hiyo lazima kitaonekana kimepungukiwa. Nakataa maneno hayo, na sura hii nzima ni hoja dhidi yake. Hirbadaw na maeneo yanayoizunguka, pale Mbulu inapokutana na Hanang, yana mapishi yenye ladha nzito, ila ladha hiyo haipondwi kwenye kinu. Inatoka kwenye moto, kwenye uchachu, kwenye magadi ya ziwani na kwenye nafaka iliyooteshwa. Mpishi wa huku haongezi ladha chakula kikiwa jikoni. Huanza kuitengeneza siku mbili tatu kabla.

Kwanza baridi, maana bila baridi hutaelewa kwa nini watu wa huku wanapenda vitu vya moto, vizito na vyenye mafuta. Nyanda hizi ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Mlima Hanang wenyewe unapita mita 3,400. Juni na Julai upepo unavuma kutwa nzima kwenye uwanda usio na miti mingi, na asubuhi mchungaji anatoka na shuka mbili. Mtu wa namna hiyo humpi chai ya rangi na kipande cha muhogo ukadhani umemlisha. Anataka kitu kitakachokaa tumboni mpaka ng'ombe warudi.

Pili, watu wenyewe. Ukichukua ramani ukachora duara linaloanzia Ziwa Eyasi, lipite Mbulu na Hanang, lishuke hadi Singida na Kondoa, utakuwa umewazungushia Wahadzabe, Wairaqw na Wagorowa, Wadatoga wakiwemo Wabarabaig, pamoja na Wanyaturu, Wanyiramba na Warangi. Wataalamu wa lugha wanalitaja eneo hili kila mara kwa sababu makundi makubwa ya lugha za Afrika yanakutana hapa: Kikushi, Kiniloti, Kibantu na lugha zenye sauti za kudata ulimi. Penye lugha nyingi hivyo pana na jiko la mchanganyiko. Mwiraqw analima mahindi, mtama na maharage na kufuga ng'ombe wachache. Mbarabaig anaishi kwa mifugo. Mhadzabe anajua mizinga ya nyuki iko kwenye mti gani. Vinavyoliwa Hirbadaw ni matokeo ya kubadilishana kwa muda mrefu: maziwa kwa mahindi, asali kwa chuma, samli kwa ulezi.

Sasa tuje kwenye kibuyu.

Kibuyu cha maziwa ni tunda la mmung'unye lililokaushwa, likatolewa mbegu na nyama yake chungu, likazoeshwa taratibu mpaka uchungu ukaisha. Hakioshwi kwa sabuni, na anayekiosha kwa sabuni amekiharibu. Kinasafishwa kwa moto. Nilikaa jikoni kwa mama mmoja wa Kidatoga nikamwangalia akifanya kazi hiyo. Alikuwa na kijiti kinene kama kidole gumba, cha mzeituni pori, ncha yake ikiwa kaa jekundu. Alikiingiza kibuyuni, akakizungusha akikisugua ukutani kwa ndani, huku moshi mweupe ukitoka mdomoni mwa kibuyu na kumpiga usoni bila yeye kujali. Kaa lilipokatika akakiziba kibuyu kwa kiganja, akakitikisa, vipande vikasikika vikigonga ndani. Akarudia kwa kijiti kingine. Halafu akamwaga mkaa, akachukua brashi ndefu yenye singa za mkia wa ng'ombe, akapangusa jivu. Lakini hakulipangusa lote.

Nikamwuliza, "Mama, unajuaje kama kimetosha?"

Akanisogezea kibuyu. "Nusa, mwanangu."

Nikanusa. Mlikuwa na harufu ya kuni, ya mafuta ya zamani, na kitu kitamu kama ngozi ya nyama iliyochomwa. Akakichukua, akanusa mwenyewe, akatikisa kichwa. Hakikuwa kimetosha. Akarudi motoni kutafuta kijiti cha tatu.

Kuna sababu ya kuchagua mzeituni pori na si mti wowote. Mti huo ni mgumu, hutoa kaa linalodumu na moshi usiokera. Zipo familia zinazopendelea miti mingine, na mama wa huku akionja maziwa ya jirani anaweza kukwambia yamefukiziwa mti gani. Kitaalamu, moshi wa kuni una kemikali za jamii ya fenoli ambazo hupunguza vimelea kwenye ukuta wa kibuyu, na hizo hizo ndizo zinazotoa harufu tunayoiita ya moshi. Mkaa unaobaki kwenye vitundu vidogo vya ukuta nao huvuta harufu mbaya. Kwa hiyo kazi moja inafanya mambo matatu: inasafisha, inahifadhi na inaunga. Upishi wa Ulaya nao unafukiza, lakini wanafukiza nyama na samaki. Hapa kinachofukizwa ni chombo, na chombo ndicho kinachoyapa maziwa harufu. Ni maarifa ya hali ya juu, na huwa naumia nikiona kibuyu kikigeuzwa pambo la ukutani hotelini huku nyumbani maziwa yakiwekwa kwenye dumu la plastiki lililokuwa na mafuta ya kula.

Maziwa yakishaingia kibuyuni, bakteria walioachwa na maziwa ya jana wanaanza kazi. Wanakula sukari ya maziwa na kutoa asidi. Kwa siku moja yanakuwa na uchachu mdogo, kwa siku mbili au tatu yanaganda. Huku kwenye baridi huchukua muda mrefu kuliko Dodoma au Dar es Salaam, na nadhani ndiyo maana mgando wa Hanang ni laini: unaganda polepole. Maji ya maziwa yanamwagwa au anapewa ndama, maziwa mengine yanaongezwa, na kibuyu kinaendelea. Kikitikiswa kwa muda wa kutosha siagi inajikusanya, na siagi ikiyeyushwa motoni inakuwa samli. Samli hiyo ina moshi ndani yake. Ukiimwaga kwenye uji wa ulezi kijiko kimoja tu, nyumba nzima itajua.

Hata miili ya watu wa huku ina habari ya maziwa ndani yake. Binadamu wengi duniani wakishapita utoto hupoteza uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa. Mwaka 2007 timu iliyoongozwa na mtaalamu wa vinasaba Sarah Tishkoff ilichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanyika Tanzania, Kenya na Sudan. Walikuta kwamba wafugaji wa Afrika Mashariki wana mabadiliko yao wenyewe ya vinasaba yanayowawezesha watu wazima kunywa maziwa, na kwamba mabadiliko hayo ni tofauti na yale ya Wazungu. Badiliko lililoenea zaidi Tanzania na Kenya lilikadiriwa kuwa na umri wa kati ya miaka 3,000 na 7,000 hivi. Maana yake wachungaji wa ukanda huu wamekuwa wakinywa maziwa kwa vizazi vya kutosha mpaka damu yenyewe ikabadilika. Na kwa asiye na kinasaba hicho, mgando humsaidia, kwa sababu bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari inayomsumbua.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wapenzi wa vyakula vya asili hawapendi kulisikia. Moshi na uchachu hupunguza vimelea lakini havimalizi vyote. Ugonjwa wa kutupa mimba kwa ng'ombe, bruselosisi, huingia kwa binadamu kupitia maziwa mabichi na kumtesa kwa homa zisizokwisha, na kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupita njia hiyo hiyo. Chemsha maziwa kwanza. Kwa lita mbili, chemsha mpaka yafure mara mbili, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, mimina kwenye kibuyu kilichofukizwa na ongeza nusu kikombe cha mgando wa jana. Funika, weka mahali pasipo na upepo. Hutapoteza moshi wala uchachu, kwa sababu moshi uko kwenye kibuyu na uchachu uko kwenye kile kikombe cha jana.

Ila huwezi kuzungumzia maziwa ya Hanang ukaacha kuzungumzia ardhi. Wabarabaig walikuwa na utaratibu wa kuhamisha mifugo kwa kufuata majira, wakiyatunza mabonde yenye udongo mzuri kwa miezi ambayo majani kwingine yamekwisha. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa serikali ya Canada, shirika la umma la NAFCO lilianzisha mashamba makubwa ya ngano kwenye uwanda wa Basotu. Mashamba yakafika saba, Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda na mengine, jumla ya ekari 100,000 hivi, na yalichukua sehemu kubwa ya mabonde hayo mazuri. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa haki, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaipa NAFCO ushindi. Mtafiti Charles Lane aliyafuatilia mambo haya kwa undani na kuandika kitabu kuhusu malisho yaliyopotea. Baadaye mashamba ya NAFCO yalibinafsishwa, na sehemu ya ardhi ikarudi vijijini. Ng'ombe akikosa majani ya Agosti, mtoto anakosa maziwa ya Agosti. Kibuyu kinakaa kikavu, na kibuyu kikikaa kikavu muda mrefu kinapasuka.

Ngano yenyewe lakini ilibaki, nayo imeingia jikoni kwa nguvu. Kwa mjukuu wa mtu aliyefukuzwa malishoni, chapati ni chakula cha nyumbani kama ugali ulivyo. Sioni aibu katika hilo, wala sitaki mtu amwambie mtoto wa Hirbadaw kwamba chapati si ya kwao. Chapati ya huku inakandwa kwa maji ya moto na samli, inaachwa chini ya bakuli nusu saa, inakunjwa na kuzungushwa kama konokono ili itoe matabaka, kisha inapikwa kwenye chuma kikavu kabla ya kupakwa samli. Ukiila na mgando mzito badala ya chai, utaelewa kwamba hawa wawili, waliokutana huku kwa njia chungu hivyo, wamekwisha patana.

Sasa magadi. Chini ya Mlima Hanang, kwenye Bonde la Ufa, kuna Ziwa Balangida, na kusini zaidi kuna Balangida Lelu. Ni maziwa yasiyo na mto wa kuyatoa maji. Kiangazi maji yanakauka na kuacha ukoko mweupe, na watu wameukwangua ukoko huo tangu enzi na enzi kwa ajili yao na kwa ajili ya mifugo yao. Mchanganyiko wa chumvi na magadi ndio unaoyapa makande ya huku ladha yake, ladha ya udongo kidogo ambayo mtu aliyekulia nao haipati popote pengine.

Makande kila Mtanzania anayajua, walau ya shuleni, na bahati mbaya ya shuleni ndiyo yaliyowachafulia jina. Makande ya nyumbani huku Mbulu na Hanang ni kitu kingine. Loweka usiku kucha mahindi yaliyokobolewa kilo moja na maharage nusu kilo, kila kimoja na chombo chake. Asubuhi mwaga maji, weka mahindi jikoni kwanza, maharage yafuate baada ya saa moja. Tia magadi kiasi cha nusu kijiko cha chai, yasizidi. Magadi yanalainisha ganda la maharage kwa kuvunja gundi inayoshikilia chembe zake, na yanaokoa kuni nyingi, lakini ukizidisha yanaleta ladha ya sabuni na kuua vitamini B1. Acha chungu kichemke taratibu mpaka mahindi yachanue. Chumvi iingie mwishoni. Kisha epua, acha joto la kwanza litoke, na umimine mgando wenye moshi, vikombe viwili au zaidi, ukikoroga polepole. Yakishapoa kidogo yanakuwa mazito, na uchachu unakata utamu wa mahindi. Waarusha na Wamasai wana loshoro, ambayo ni ndugu wa karibu wa chakula hiki, na anayedai kwamba loshoro ni bora ataitetea mwenyewe; mimi nimeshachagua upande.

Jambo moja kuhusu chumvi ya ziwani. Haina madini joto, na nyanda za juu kama hizi ndiko rovu lilikoonekana zaidi. Tangu miaka ya 1990 Tanzania imetaka chumvi ya kula iwekwe madini joto, kwa hiyo anayetumia ukoko wa Balangida kwa ajili ya ladha ahakikishe chumvi ya dukani nayo iko mezani, hasa nyumba ikiwa na mama mjamzito.

Mboga za huku ni nyingi: mnafu, mgagani, majani ya kunde, majani ya maboga. Uchungu wa mnafu na mgagani hauondolewi kwa kumwaga maji ya kuchemshia, kama wengi wanavyofanya mjini. Unatulizwa kwa maziwa au kwa siagi kidogo. Ukizipika hivyo mara moja hutataka nyanya ndani yake tena.

Nafaka ndiyo inayonifurahisha kuliko yote, kwa sababu inaonyesha akili ya watu waliokuwa na kidogo. Mtama na ulezi vilikuwepo huku muda mrefu kabla ya mahindi. Wapo wanaopanda mtama mwekundu kwa makusudi, kwa sababu ladha yake ya kukaza ulimi inawachukiza ndege. Ladha hiyo inachukiza hata watu, na dawa yake ni kuotesha na kuchachua.

Kimea ni nafaka iliyooteshwa. Loweka ulezi usiku kucha, chuja, tandaza kwenye gunia bichi, funika, nyunyizia maji asubuhi na jioni. Siku ya pili au ya tatu vichipukizi vyeupe vinatokeza, na hapo unaanika juani mpaka ukauke kabisa. Pekecha kwa mikono ili vichipukizi vidondoke, pepeta, saga. Ukitumia mtama, kupekecha si hiari: chipukizi la mtama lina sumu ya jamii ya sianidi na lazima liondolewe. Ndiyo maana mimi nampendekezea anayeanza atumie ulezi.

Unga huo ukiutia kwenye uji mzito, utashuhudia ajabu kwa macho yako. Pika uji wa mahindi au mtama mpaka usimame karibu na ugali. Epua, uache upoe kiasi kwamba kidole kinavumilia lakini hakifurahi. Tia kijiko kimoja cha chakula cha kimea na ukoroge. Ndani ya dakika kumi au kumi na tano uji ule uliokuwa unashika mwiko utakuwa unamiminika. Kimeng'enya cha nafaka inayochipua kimekata minyororo ya wanga na kuigeuza sukari, na utausikia utamu bila kuweka sukari hata chembe. Mtoto mchanga ana tumbo dogo. Uji mwepesi wa kawaida unamjaza maji, na uji mzito hawezi kuumeza. Kimea kinampa uji mzito kwa chakula na mwepesi kwa kunywa. Miaka ya 1980 watafiti wa Kitanzania, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, waliipeleka elimu hii ya bibi zetu maabara na kuithibitisha. Wilbald Lorri wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, pamoja na Ulf Svanberg, waliendelea na uji uliochachuliwa, na mwaka 1994 walichapisha matokeo kwamba watoto waliopewa uji wa namna hiyo walipata kuhara mara chache kuliko wasiopewa. Uchachu huwanyima vimelea wengi mahali pa kuishi. Kwa mtoto, basi, uji wa namna hii si anasa.

Kwa watu wazima acha uji huo wa kimea ulale usiku mzima chunguni. Asubuhi una togwa: chachu kidogo, tamu kidogo, yenye harufu ya mkate. Ukiiacha siku zaidi inaelekea kwenye pombe, na hilo ni suala la nyumba na nyumba.

Kitunguu saumu kinahitaji maneno machache tu, ingawa Mbulu inajulikana nchi nzima kwa zao hilo, na ukipita Bashay wakati wa mavuno utakisikia kabla hujakiona. Mashada yamening'inizwa barazani, magunia yamepangwa kando ya barabara yakisubiri lori. Saumu ya Mbulu ni ndogo kuliko ile nyeupe inayoingizwa kutoka nje, na ni kali mara mbili. Shida ya kuimenya inalipwa. Iponde halafu iache dakika kumi kabla ya kuitia motoni: ukali na faida yake hutokea pale chembe zinapovunjika na kukutana na kimeng'enya chao, na moto ukiwahi, kimeng'enya kinakufa kabla ya kufanya kazi. Wakulima wenyewe, ajabu, hawaitumii sana kwenye mboga. Wanaiweka kwenye supu ya mbuzi, pamoja na magome ya kiloriti yaliyochemshwa yakatoa maji mekundu, na supu hiyo hunywewa na wanaume waliotoka mnadani na baridi kwenye mifupa.

Chai, hiyo imefika kila nyumba. Tangawizi inatoka Same, iliki inatoka milima ya Usambara, na vyote viwili hupanda basi mpaka Katesh na Haydom. Anayelalamika kwamba chai yake ya maziwa inakatika anatia tangawizi mbichi kwenye maziwa. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata maziwa. Ichemshe kwenye maji kwanza, dakika tano, pamoja na majani na iliki iliyogongwa. Ndipo maziwa yaingie, nusu kwa nusu na maji, na yafure mara mbili. Kwenye nyumba zenye mifugo ya kutosha hawaweki maji kabisa. Chai hiyo ni nzito na ina utandu juu, na wanaogombania utandu huo ni watoto.

Asali inastahili kitabu chake. Bonde la Yaeda, upande wa Mbulu, ndiko Wahadzabe wanakoishi, na mwaka 2011 walipata hati za kimila za kumiliki sehemu ya ardhi yao huko. Wanamfuata ndege kiongozi wa asali, wakimpigia mluzi naye akiwajibu, mpaka kwenye mzinga. Wanapasua tunda la mbuyu, wanaponda unga wake mweupe, wanauchanganya na maji na asali, na kinywaji hicho chenye ukakasi na utamu kwa pamoja ni bora kuliko juisi yoyote ya pakiti niliyowahi kunywa. Kwa Wadatoga asali ni ya mambo mazito. Kwenye bung'eda, mazishi ya heshima ya mzee, shughuli inayoendelea kwa miezi mpaka kaburi linapokuwa kilima kilichojengwa vizuri, pombe ya asali hutengenezwa kwa uangalifu na hunywewa na wazee kwa utaratibu. Mgeni hapewi tu kwa sababu ameomba, na sioni sababu ya mgeni kuomba. Kwa matumizi ya nyumbani, kijiko cha asali kwenye maji ya tangawizi na saumu kinamtosha mwenye mafua. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliwezi kuvishinda.

Nimeacha chakula cha mzazi kiwe cha mwisho, kwa sababu ndicho kinachopikwa kwa mapenzi makubwa kuliko vyote. Mwanamke akijifungua, jiko la nyumba hiyo halizimi. Mama mkwe, mawifi na majirani wanapokezana, na kila anayeingia ana kitu chini ya kanga: mgando, kuku, kipande cha ngozi ya mbuzi chenye mafuta, chupa ya samli. Asubuhi kabla hajashika chochote anapewa uji wa ulezi. Vikombe viwili vya unga huvurugwa na maji baridi ili usifanye mabonge, kisha humiminwa kwenye lita mbili za maji yanayochemka na kupikwa kwa moto mdogo nusu saa nzima, si dakika tano kama uji wa haraka, mpaka rangi igeuke kutoka ya udongo hadi ya kahawa na harufu ya ubichi iishe. Nusu lita ya maziwa yaliyochemshwa inafuata, chumvi kidogo, na mwisho samli ya kibuyu, vijiko viwili vilivyojaa, visivyokorogwa bali vilivyoachwa vielee. Mleta uji hukaa chini kando ya kitanda. Haondoki mpaka kikombe kiishe, na akiondoka huacha kingine kimefunikwa.